Mwenyekiti na Mashine ya Meno

Huyu mama sijui alizaliwa wapi, sijui babake aliitwa nani, na sikuwahi kuuliza. Mimi naona alizaliwa tayari ni mwenyekiti. Mkunga alipomshika tu, akaambiwa asogee kidogo, amesimama vibaya, na hayo maji hayajachemka. Hapa Birmingham sote tulimwita Mwenyekiti. Mchungaji alimwita hivyo. Hata daktari wake wa Kizungu alidhani ndilo jina la ukoo, akawa anamtafuta kwenye viti vya wagonjwa akiita, "Misisi Mwenyekiti!" Naye anasimama polepole, anaangalia wagonjwa wengine kana kwamba amekuja kuwakagua.

Cheo chenyewe kilikuwa cha jikoni. Kanisa letu la Kiswahili lilikuwa linakodi ukumbi mtaa wa Castle Vale, na kila Jumapili baada ya ibada watu walikula. Tulikuwa Wakenya, wengi wauguzi na walezi wa wazee. Tulikuwa na Wakongo wa mashariki, familia kubwa kubwa, mtu na watoto wake wanajaza safu nzima. Na Watanzania wachache, wanaongea Kiswahili kizuri mpaka unaona haya kuwaomba chumvi. Mwenyekiti alichaguliwa mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, kwa uchaguzi ambao hakuna aliyeuona, na tangu siku hiyo hakuna sufuria iliyofunikwa au kufunuliwa bila ruhusa yake. Akiita watu waje kula, treni kule Acocks Green, ng'ambo ya mji, zilikuwa zinapunguza mwendo.

Mimi nilimjua kwa sababu mbili. Kwanza tulikuwa majirani, mlango kwa mlango, ukuta wetu mmoja na mwembamba, akipiga chafya mimi nasema pole. Pili nilikuwa dereva wa basi dogo la kanisa. Aliniita "kijana." Nilikuwa na kipara na magoti yanalia nikipanda ngazi, lakini kwake nilikuwa kijana, na nikizeeka zaidi nadhani angenishusha niwe mtoto.

Alikuwa na sheria zake za chakula. Alisema chakula kisichotoa jasho si chakula, hicho ni maongezi. Alisema mtu mzima hali kitu kinachovunjika mkononi. Sandwichi aliiita "mkate uliopata ajali." Na biskuti, ah, biskuti alizichukia kama vile zilimfukuza kazi. Dada mmoja mgeni, nesi aliyekuwa ametoka Nakuru juzi tu, alileta ukumbini pakiti ya biskuti za dukani, nzuri, za chokoleti, akidhani amefanya adabu. Mwenyekiti aliichukua kwa vidole viwili.

"Hii ni nini, mama?"

"Biskuti, Mwenyekiti. Za chai."

"Biskuti ni ya mtu ambaye chakula hakijamfikia. Wewe umeona hapa chakula hakijafika?"

Yule dada alirudisha pakiti kwenye mkoba. Jumapili iliyofuata alileta kuku wawili wazima. Tangu hapo ikawa sheria, biskuti haikanyagi jikoni kwa Mwenyekiti. Mchungaji mwenyewe alikuwa anakula zake ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kichwa kimeinama, na watu wakipita wanasema jamani mtumishi anaomba sana.

Msidhani kazi yake ilikuwa rahisi. Wakongo wanataka ugali laini, umelala kwenye sahani kama mtoto aliyeshiba. Sisi Wakenya tunataka ule ambao ukimrushia mwizi analala. Siku moja vita vya ugali vilifika mpaka maombi yakasimama. Mwenyekiti akaingia, akasikiliza pande zote, akasema, "Haya, leo ni wali." Wote wakashindwa, wote wakala. Nimeona serikali zikitatua mambo vibaya kuliko hapo.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu oveni yake, maana bila oveni hamtaelewa haya mengine. Nyumba zote za huku zinakuja na jiko, juu plate nne, chini oveni. Mzungu anaoka humo. Sisi tunaweka sufuria. Ingia nyumba yoyote ya mtu wetu Birmingham, fungua oveni, utakuta sufuria, karai la mandazi, mifuniko isiyo na wenyewe. Hakuna aliyetufundisha. Tunatua uwanja wa ndege na tayari tunajua. Ya Mwenyekiti ilikuwa imezidi. Humo ndimo zilimokaa sufuria za kanisa zima, moja ndani ya nyingine, mpaka ile kubwa ya pilau, ambayo mimi nina hakika ingeogesha ng'ombe. Fundi mmoja alikuja kukagua gesi, akavuta mlango wa oveni kabla hajaambiwa. Sufuria zilishuka kama maporomoko. Jirani wa upande wa pili alidhani lori limegonga nyumba. Yule fundi, amekaa chini, mfuniko uko kichwani, akauliza sasa huyu mama anaoka vipi.

"Mwambie," Mwenyekiti akaniambia, "sisi hatuoki. Sisi tunapika."

Basi. Alikuwa na binti mmoja tu, na huyo binti alikuwa na mtoto mmoja tu. Binti alikuwa anakaa Acocks Green na mumewe Mwingereza, mtu mpole, anaomba radhi hata kwa kiti akikigonga. Mtoto ni msichana, wakati huo hata meno ya mbele hayajarudi yote. Anaelewa Kiswahili, mpaka cha kusengenya, lakini ukimuuliza anakujibu Kiingereza cha hapahapa, kile kinachopitia puani. Yule binti alikuwa amemwambia mamake wazi, "Mama, mimi sitamlazimisha mtoto. Jumamosi nitamleta. Akipenda atarudi, asipopenda, basi."

Jumamosi ya kwanza Mwenyekiti alipika kama anapokea balozi. Ugali, sukuma, na samaki mzima na kichwa chake. Mimi niliitwa nije nionje chumvi, yaani nije nione. Mtoto akawekwa mezani. Samaki akamwangalia mtoto, mtoto akamwangalia samaki, na mtu yeyote angejua ni nani angeinamisha macho kwanza. Mtoto akafungua kibegi chake, akatoa biskuti ya chokoleti, akaila pole pole, anatazama dirishani. Hakulia. Hakukataa kwa kelele. Alikuwa tu kama abiria anayengoja basi.

Mamake alipomchukua, Mwenyekiti alisimama kwenye ua, mikono kiunoni. Nilidhani atatukana. Akaniambia kwa sauti ndogo, sijawahi kumsikia nayo, "Kijana, watu mia wanakula kwangu Jumapili. Huyu mmoja akikataa nyumba yangu, mimi ni mwenyekiti wa nani?"

Nikamwambia mambo ni rahisi, anunue biskuti za mtoto dukani.

"Ninunue? Mjukuu wangu alishwe na kiwanda?"

"Basi oka mwenyewe."

"Na sufuria za watu niziweke wapi, kichwani kwako? Huko juu naona kuna nafasi."

Huyo ndiye alikuwa Mwenyekiti. Moyo umepasuka, na bado kipara chako hakipiti salama.

Mashine tuliipata Acocks Green, kwenye duka la mitumba ya msaada. Nilikuwa nimempeleka kutafuta mapazia. Akaona kitu cha duara, cheusi, kina waya na vifuniko viwili, ukikifungua ndani kote ni meno, meno ya juu yanakutana na meno ya chini. Mimi nikarudi nyuma.

"Mwenyekiti, hiyo si ya nywele?"

"Nywele za nani, zako?"

Muuzaji akatueleza kwamba ni mashine ya waffle, vile vikate vya vishimo vishimo. Unaweka uji wa unga, unafunga, kinaiva juu na chini mara moja. Mwenyekiti akaifungua, akaifunga, akaifungua. Nilimwona anafikiri. Akainama kwa yule muuzaji na kumuuliza kwa Kiingereza chake, kwa siri kubwa, kama mtu anayenunua bunduki, "Hii, biskuti, inaweza?"

Muuzaji akasema hajawahi kusikia, lakini haoni kwa nini isiweze. Tukaondoka nayo imefungwa ndani ya pazia.

Mapishi aliyapata kazini. Alikuwa anamlea bibi mmoja wa Kizungu, mkali, wanagombana asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyetaka kubadilishiwa mwenzake. Yule bibi akamtajia, siagi hivi, sukari hivi, yai, unga, kakao, beking pauda kidogo, piga, viringisha kama vidonge, choma. Mwenyekiti aliyasikiliza hayo mapishi kama ushauri wa adui. Akaona sukari imezidi, akapunguza. Akaona unga ni wa uchoyo, akaongeza. Akakoroga kwa mwiko wa ugali, na yule mama akishika mwiko wa ugali mkono unajua njia moja tu, ni kusonga. Akasonga mpaka kinywa cha sufuria kikaomba msamaha.

Zilitoka kama vigae vya bafuni. Nzuri kuangalia, mistari imenyooka. Nikauma moja, jino likaniuliza tulikosana wapi. Ningekuwa na saruji ningejenga choo siku hiyo hiyo.

"Zikoje?"

"Zina nguvu, Mwenyekiti."

"Sema ukweli."

"Mtoto akila hii utanunua na meno mengine."

Alirudi kwa yule bibi, akaeleza. Bibi akacheka mpaka akatafutiwa dawa, halafu akamwambia, wewe mama, mara moja maishani mwako fuata unachoambiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa chungu. Lakini akafuata. Sukari yote, siagi yote, na kukoroga kwa upole kwa uma, kama anayempaka mtoto mafuta.

Ikabaki shida ya muda. Mashine nzuri ina kitaa, kikizima biskuti imeiva. Ya kwetu kitaa kilikuwa kimekufa kabla hatujafahamiana. Na biskuti kwenye mashine ile ni jambo la haraka, ukikawia kidogo ni mkaa, ukiwahi ni tope. Nikamwambia aangalie saa. Hakuwa na imani na saa. Alisema saa inakwenda tu, haijali kama umeiva. Yeye alipima kwa wimbo. Wimbo wa kitabu cha kanisa, mmoja wa zile za pole pole, ubeti mmoja na kiitikio. Anaweka vidonge vinne, anafunga, anaimba amesimama wima, mkono kwenye mpini. Akimaliza kiitikio anafungua. Zinatoka laini, nyeusi tiii, anazihamisha na kisu kwenye waya zipoe. Zikipoa zinakauka ukingoni na katikati zinabaki zinatafunika vizuri. Jamani. Mimi nilikula ya kwanza nikaona jamaa zangu waliokufa, wananipungia mkono, wote wamenenepa.

Jumamosi mtoto alikuja na kibegi chake. Akakuta sahani ya biskuti. Akachukua moja, akaizungusha, akauliza kwa Kiingereza kwa nini ina vishimo. Mwenyekiti hakuwa amejiandaa kwa swali hilo.

"Ni nyumba," akasema. "Kila kishimo ni chumba."

Mtoto akaanza kula chumba kimoja kimoja. Akila anataja, hapa jikoni, hapa bafu, hapa chumba cha dadi. Kibegi hakukifungua. Alipofika nyumba ya tatu akauliza mashine iko wapi, anataka kuona. Na mashine ilipofungwa na Mwenyekiti akaanza kuimba, mtoto akaacha mdomo wazi. Nadhani hajawahi kuona mtu mzima akiimbia umeme.

"Shosho, mbona unaimba?" Shosho ndivyo alivyofundishwa kumwita bibi yake. Maneno yake mengine yote ni ya Kiingereza, mimi nawaletea kwa Kiswahili, na kama nimeongeza chumvi ni mkono tu umeteleza.

"Bila kuimba haziivi."

Hapo ndipo alipomkamata. Jumamosi iliyofuata yule mtoto mwenyewe ndiye aliyesimama mlangoni Acocks Green amevaa viatu, anamwambia mamake tunachelewa. Akajifunza wimbo wote, maana bila wimbo hakuna biskuti. Kiswahili cha kwanza kutoka kinywani mwake kilikuwa hicho cha kitabu cha nyimbo, kikongwe, kizito, kinapitia puani kwa njia ya Birmingham. Ukimuomba aseme "habari yako" anajibu "I'm all right." Ukifunga mashine anaimba kama mzee wa kanisa. Na samaki je? Samaki alianza kuingia kimya kimya. Kwanza akawa sharti, onja kidogo ndipo tuwashe mashine. Baadaye mtoto akawa anakula upande wa mkia na Mwenyekiti amegeuza kichwa cha samaki kitazame ukutani.

Siri ilikaa mpaka Mama Furaha alipokuja. Mama Furaha ni wa Bukavu, msaidizi wake wa jikoni, mwanamke mchangamfu, akicheka kitambaa cha kichwa kinafunguka chenyewe. Alikuja Jumamosi bila kupiga simu, anataka ile sufuria ya pilau. Akasimama mlangoni, pua juu.

"Mwenyekiti, hii harufu ni ya nini?"

"Harufu gani?"

"Ya chocolat."

"Ni dawa ya kifua."

Mama Furaha akaingia jikoni, akaona mashine. "Dawa ya kifua iko na meno? Mama weee! Si hii njo machine ya gaufres! Kwetu Bukavu bamasœur, wale watawa, walikuwa nayo kule couvent. Lakini hapana vile, Mwenyekiti, hii inataka pâte, unga wa maji-maji."

"Bukavu ni mbali," Mwenyekiti akasema. "Onja, halafu nyamaza."

Akaonja. Akanyamaza. Akaonja tena ili anyamaze vizuri. Akaapa kwa watoto wake wote kwamba hatasema, na ana watoto wengi, kwa hiyo kilikuwa kiapo kirefu. Jumapili asubuhi nilipokuwa nawabeba watu kwenye basi, watu wa nyuma kabisa walikuwa wananiuliza za chokoleti zinapikwa saa ngapi.

Kuficha kukawa hakuna maana. Watoto wa kanisa walikuwa na sikukuu yao, akina mama wakasema kwa sauti moja, mashine ije ukumbini. Mwenyekiti akaileta mwenyewe, ameikumbatia. Akaiwasha, akaimba, ikaenda vizuri. Halafu mtu akapiga kelele kwamba kuna mwanamke anaongeza maji kwenye pilau. Mwenyekiti akaondoka mbio. Akamwachia Mama Furaha mpini na maagizo, "Ubeti mmoja, kiitikio kimoja, fungua."

Hapa ndipo tulipokosea, sote. Hakuna aliyekumbuka kwamba Mkongo hana kiitikio kimoja. Kwa Mkongo kiitikio ni mlango wa kuingilia, sherehe iko ndani. Mama Furaha akaimba ubeti, akafika kwenye kiitikio, akakirudia. Mwenzake kule mezani akadaka sauti ya pili. Mtu akapata ndoo, ikawa ngoma. Kiitikio kikapanda, kikaongezwa mwendo, akina mama wakatoka kwenye viti, vitambaa vinapepea, Wakenya nao wakaingia kwenye mstari, hata wale Watanzania wa heshima wakaanza kutikisa bega moja. Na mashine imefungwa. Moshi ulipoanza kushuka, mzee mmoja alinyoosha mikono, akasema utukufu umekuja. Halafu kengele ya moto ikalia, na utukufu wote tukaukimbia mpaka nje kwenye mvua.

Wazima moto walifika na kofia zao. Mwenyekiti aliwangoja mlangoni na mwiko.

"Futeni miguu," akawaambia. "Kuna watu wanakula hapa."

Wakafuta. Wakaingia, wakachomoa waya, wakafungua mashine, wakatoa vitu vinne ambavyo hata mbwa mwenye njaa angeviombea mazishi. Halafu wakapewa pilau. Walikaa muda mrefu kuliko moto wenyewe.

Baada ya hapo kikaitwa kikao. Yule dada wa Nakuru, aliyerudishiwa pakiti yake, sasa alikuwa amekomaa, akasimama na kuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo tumboni. Sheria inasema biskuti haikanyagi jikoni. Sasa zile zilikuwa nini? Mchungaji akageukia dirishani, mambo ya biskuti hayakuwa mazuri kwake pia. Mwenyekiti hakusimama hata.

"Biskuti ni kitu kinachotoka kwenye oveni," akasema. "Hii imeingia oveni?"

"Hapana, Mwenyekiti."

"Basi ni mkate. Agenda inayofuata."

Kikao kizima kikapiga makofi. Kilikuwa na njaa. Mimi tangu siku hiyo nikiona wakubwa kwenye televisheni wanageuza sheria, nasema hawa ni wanafunzi, mwalimu wao ninakaa naye ukuta kwa ukuta.

Huruma yake ilikuwa na meno kama mashine. Nilipougua homa alikuja na supu, akakaa kwenye kiti, akanitukana mpaka jasho likatoka. "Ukifa leo utaniharibia Jumapili," aliniambia, "na hakuna mwingine anayejua gia ya pili ya lile basi." Yule bibi wa Kizungu aliyekuwa anamlea alipofariki, Mwenyekiti alituambia ni sawa tu, alikuwa mtu msumbufu. Jikoni kwake nilisikia kupitia ukutani wimbo ule wa mashine, ubeti na kiitikio, ubeti na kiitikio, siku nzima. Alizipeleka biskuti mazishini kwenye karai, amefunika na kitambaa cheupe. Waingereza walisimama wakizitafuna na chai, wanauliza zimetoka duka gani. Na mtoto mmoja wa marehemu, mzee mwenyewe, alikula ya kwanza akatafuta kiti akakaa. Ni mapishi ya mama yake.

Sasa nije kwenye siku ninayoikumbuka zaidi. Miaka ilikuwa imepita, yule mtoto wa vyumba alikuwa msichana mrefu, ana pete puani, ana simu inayopiga picha, na Jumamosi bado anakuja. Si zote. Kulikuwa na mitihani, kulikuwa na marafiki, lakini anakuja. Na alikuwa anamaliza shule, anachagua chuo. Kulikuwa na kile kikubwa kilicho karibu na Selly Oak, hapahapa mjini, treni moja tu. Na kulikuwa na kingine Scotland.

Mwenyekiti alifanya kampeni. Alinipa amri nimpeleke Selly Oak akapakague mwenyewe. Tukapita mitaa ya wanafunzi, makochi yametupwa bustanini, mapipa yamelala, kijana mmoja anakula nafaka za asubuhi na ni jioni, amevaa taulo. Nikajua hapa atakataa. Akatazama kote, akavuta pumzi.

"Wanaishi kama kuku waliohama," akasema. "Lakini ni kuku wa karibu. Panafaa."

Jumamosi ambayo msichana angeleta jibu, niliitwa kubadilisha balbu. Balbu ilikuwa nzima. Nikapanda kiti hivyo hivyo, nikaifungua, nikaifunga. Mezani kulikuwa na mlima wa biskuti, kilele kimekaribia ile balbu, na bado mashine ilikuwa inawaka na Mwenyekiti anaweka vidonge vingine. Msichana akaingia, akambusu bibi yake, akafunga mashine mwenyewe na kuanza kuimba, kama kawaida yake. Katikati ya ubeti akanyamaza.

"Shosho," akasema. "Ni Scotland."

Hakuna aliyeimba. Mimi niko juu ya kiti, mikono kwenye balbu, siwezi kushuka wala kupanda. Mwenyekiti alikuwa anaangalia mlima wake. Moshi ukaanza kutoka ubavuni mwa mashine. Msichana ndiye aliyefungua, akakwangua zile zilizoungua, akachomoa waya.

"Wana kozi niliyoitaka," akasema. "Hapa hawana. Niliangalia sana, Shosho. Kweli niliangalia."

"Nimesikia."

"Umekasirika?"

"Kuna baridi huko. Ununue koti la maana, si hizo nguo zako za kutoboka." Mwenyekiti akavuta kiti akaketi. Akasukuma sahani. "Kula."

Msichana akala chumba kimoja, viwili. Machozi yanashuka na anatafuna, vijana wana uwezo huo. Halafu akaweka mkono juu ya mashine, ilikuwa bado ina joto.

"Naweza kwenda nayo? Nikawapikie marafiki zangu huko?"

Mimi nikasema moyoni, haya, imekwisha. Mwanamke huyu alikuwa anagawa godoro lake kwa mgeni aliyetoka tu uwanja wa ndege. Atampa mashine, watalia, na mimi nitalia juu ya kiti nianguke.

"Hapana," akasema Mwenyekiti.

Msichana akadhani amesikia vibaya. "Nitaitunza."

"Chukua mapishi. Chukua sufuria. Ukitaka mchukue huyu kijana, anajua kufunga balbu. Mashine haiendi Scotland."

"Lakini Shosho, sasa utampikia nani?"

"Hilo si swali lako."

"Nitanunua yangu basi."

"Nunua. Kuna mtu amekuzuia?"

Msichana akamtazama bibi yake. Akaanza kucheka, pua imejaa machozi, akajifuta na mkono wa sweta. Akasema kwa Kiingereza chake, "Kwa hiyo Krismasi lazima nije."

"Mimi sijakuita," Mwenyekiti akajibu, anazipanga biskuti kwenye kopo ambalo hata hivyo lilikuwa la kumpa aende nalo. "Mimi nimekaa kwangu."

Alipoondoka, tulisimama dirishani tukimtazama anavyokwenda kwenye kituo cha basi, kopo kwapani, simu sikioni, miguu mirefu kama ngazi. Basi likaja, likambeba. Mwenyekiti hakuondoka dirishani.

"Kijana, kutoka huko Scotland mpaka hapa ni safari ya muda gani?"

"Kwa basi ni siku nzima, Mwenyekiti. Labda na usiku kidogo."

Akafikiri. Akavuta pazia.

"Vizuri," akasema. "Atafika na njaa."